Moto Uliokataa Kukaa

Jumatatu saa nne asubuhi Waithera alibonyeza swichi ya oveni, akawasha kiberiti, na moto ukashika. Akahesabu hadi kumi kama alivyozoea, kisha akaachilia kidole. Moto ukazimika. Akarudia, ukazimika tena. Mara ya sita aliinuka, akajipangusa unga mikononi na kumwita mumewe, aliyekuwa uani akikaza waya wa kuanikia nguo.

"Baba Wahu, hebu kuja uone hii kitu. Nikiishika inawaka, nikiachilia inakufa."

Mbogo aliingia, akachuchumaa mbele ya jiko la gesi na kuchungulia ndani ya oveni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alinusa. Akagonga ubavu wa jiko kwa ukucha. Waithera akasema alikuwa anafikiria kumwita yule fundi wa karibu na posta, maana kazi ilikuwa nyingi na siku zilikuwa chache.

"Fundi wa nini, na mimi niko hapa?" Mbogo alisema.

Waithera akacheka, akajilaumu kwa kusahau, akarudi kwenye mayai yake. Alikuwa na kila sababu ya kumwamini. Kwa miaka kumi na mmoja Mbogo alifanya kazi Webuye kwenye kiwanda cha karatasi, akirudi Kitale mwisho wa mwezi na ovaroli ya bluu kwenye begi na hadithi za kusimulia. Alisimulia jinsi valvu ya mvuke ilivyokwama na jengo zima likaanza kutetemeka, watu wakakimbia, akabaki mtu mmoja aliyefunga mkono kwa gunia na kuizungusha hadi mkono ukaungua. Alisimulia jinsi mashine kubwa ilivyokataa kuamka siku tatu hadi mtu akaisikiliza kwa sikio na kujua ni beringi ipi. Majirani wa mtaa wao wa Section Six walimwita Injinia. Baba mkwe wake, kabla hajafa, alipenda kumketisha karibu na wageni.

Ambacho hakuna mtu Kitale aliyekijua ni kwamba kwa hiyo miaka kumi na mmoja Mbogo alikuwa akifagia. Alisukuma ufagio mpana chini ya mashine, akizoa vipande vya karatasi. Hadithi zote zilikuwa za Jairus, fundi wa mitambo, aliyezisimulia saa ya chakula huku wengine wakila githeri. Uongo wenyewe ulianza kidogo tu. Mwezi wa kwanza baba mkwe alimuuliza yuko upande gani huko kiwandani, naye akajibu, "Niko kwa mashine." Haukuwa uongo mtupu, kwa sababu ufagio ulipita chini ya hizo mashine kila siku. Lakini mzee alifurahi kiasi kwamba mwezi uliofuata ikabidi kuwe na hadithi, na baada ya hapo hakukuwa na mahali pa kugeukia.

Sasa ulikuwa mwaka wa 2009, kiwanda kilikuwa kimefungwa, na nyumba ilisimama kwa keki za Waithera. Jiko alikuwa amelinunua kwa Hemali, mke wa mwenye duka la vitambaa, familia ilipohamia Kisumu. Lilikuwa limezeeka lakini lilikuwa na oveni ya kweli. Waithera alianza na keki ndogo za kuuza shuleni, kisha za ubatizo, na wiki hii alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: keki ya harusi ya ghorofa tatu na keki ndogo mia moja na hamsini, za Nyambu, binti wa mwalimu mmoja wa Bungoma. Harusi ilikuwa Jumamosi. Pesa ya kutangulia ilikuwa imeshageuka unga, siagi na trei nane za mayai, na iliyobaki ilikuwa imeenda shuleni kwa Wahu, binti yao aliyekuwa bweni.

Mbogo aliomba bisibisi. Akafungua alichoweza kufungua, akatoa bamba la chini la oveni, akalifuta mafuta, akalirudisha. Moto ukazimika vilevile. Jasho likaanza kumtoka mgongoni. Kitu kimoja tu alikuwa amekiona kwa macho yake: swichi ikiwa imebonyezwa, moto unakaa. Basi akaamua ikae imebonyezwa. Alikata kipande cha mti kutoka kwenye kreti, akakiweka juu ya swichi, akakifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli na kuuzungusha hadi nyuma ya jiko.

Moto ukakaa. Waithera alipiga makofi, akamwita jirani yao Chepchumba aje aone.

"Ndiyo maana ni vizuri kuwa na mtu wa mitambo kwa nyumba," Chepchumba alisema. Mbogo akaangalia chini, na wote wawili wakadhani ni unyenyekevu.

Siku hiyo zilitoka trei tatu, zote safi.

*

Jumanne Waithera aliamka na mafua. Aliwasha oveni, akaingiza trei ya kwanza, akafunga mlango wake kwa goti kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Upepo wa ule mlango ukazima moto ndani. Kama swichi ingekuwa huru, gesi ingejifunga yenyewe. Ilikuwa imefungwa mpira, kwa hiyo gesi iliendelea kutoka.

Baada ya dakika kama kumi alichungulia kwenye kioo, akaona unga ungali mweupe. Pua yake haikunusa kitu. Akafungua mlango, akainama, akawasha kiberiti.

Mbogo alikuwa mlangoni akivua viatu. Aliona moto ukitoka kama shuka linalokung'utwa, akasikia sauti nzito ya kukatika pumzi, na Waithera akawa amekaa sakafuni mkono mmoja usoni. Alirukia mtungi wa gesi akaufunga. Hakumbuki alivyofika hapo. Kisha akamburuta mkewe hadi kwenye bomba la uani na kuuweka mkono wake wa kulia chini ya maji, akaushikilia hapo muda mrefu, huku Chepchumba akikimbia huku na huku akitafuta shuka safi.

Nyusi zilikuwa zimekwisha. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeziokoa nywele. Mkono ulikuwa umeungua kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, mwekundu, na tayari ulianza kutoa malengelenge. Kwenye zahanati muuguzi aliufunga, akasema Mungu amemhurumia, maana wiki iliyopita alimfunga mwingine ambaye uso wake hautarudi ulivyokuwa. Kisha akauliza ni nani aliyelitengeneza hilo jiko.

"Ni mume wangu," Waithera alisema. "Yeye ni wa mitambo. Alifanya vile angeweza, ni jiko tu limezeeka."

Muuguzi akainua macho na kumtazama Mbogo, kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa juu ya magoti. Aliendelea kuandika, na Mbogo akaona ni afadhali angetukanwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Njiani Waithera ndiye aliyekuwa akimpoza. Alimwambia asijisumbue, kwamba hata wale wa viwandani huwa wanapata ajali, si yeye mwenyewe alikuwa anasimulia. Mbogo aliitikia kwa kichwa. Trei ya unga mbichi ilikuwa bado ndani ya oveni walipofika, na aliitoa, akaimwaga nyuma ya nyumba, akakata ule mpira wa baiskeli kwa kisu.

*

Jumatano asubuhi alimwambia mkewe anaenda Bungoma kutafuta kipuri. Alipopita Misikhu na kufika Webuye aligeuza uso upande wa pili ili asione lango la kiwanda. Kabla ya saa sita alikuwa nyuma ya soko la Bungoma, akiuliza kibanda ambacho Jairus alifungua baada ya kiwanda kufungwa.

Alimpata ameinamia stovu ya mafuta taa, miwani imefungwa kwa uzi, wateja watatu wakingoja kwenye benchi. Jairus alipomwona alisimama, uso wote umejaa furaha.

"Mbogo wa ufagio!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Rakini umekonda, bana." Jairus alikuwa mtu wa Kabuchai, na r na l zilikuwa zikibadilishana viti mdomoni mwake kila alipofurahi, tangu utotoni.

Wateja walicheka. Mmoja aliuliza kama ufagio nao unahitaji kutengenezwa. Mbogo akacheka nao kidogo, akakaa mwisho wa benchi, akangoja zamu yake kama wao. Ilipofika alieleza habari ya oveni. Alieleza kipande cha mti na mpira wa baiskeli. Alieleza mkono wa Waithera. Na kwa kuwa alishaanza, akaeleza na yale mengine pia, valvu ya mvuke, beringi, Injinia, baba mkwe, yote, akiyasema kwa sauti ya chini na macho kwenye kokoto.

Jairus alifuta mikono kwa kitambaa.

"Hiyo ya valvu," aliuliza mwishowe, "ulisema ni mkono gani uliungua?"

"Wa kulia."

Jairus akakunja shati na kunyoosha mkono wake wa kushoto, wenye kovu refu linalong'aa. "Ni huu," alisema. "Kama unaiba, si uibe vizuri."

Hakuongeza neno lingine juu ya jambo hilo. Aliingia kibandani akavuta jiko kuukuu lisilo na mlango, akamwambia Mbogo apige magoti. Akamwonyesha waya mwembamba wa shaba, ncha yake imekaa pale moto unapotokea, mkia wake umefungwa kwa nati nyuma ya swichi. Aliuita sensa. Ncha ikipata joto, alisema, swichi inabaki wazi. Ikikosa joto, swichi inajifunga, gesi inakatika. Ikichafuka au ikifa, inadhani hakuna moto hata kama moto uko.

"Hiyo kitu haikukataa kazi. Ilikuwa inawalinda. Wewe ukaifunga kamba."

Alimfanya aitoe sensa na kuirudisha mara nne. Mara ya kwanza Mbogo aliikaza nati kwa nguvu zote, Jairus akampiga kofi mkononi na kumwambia shaba si chuma, ikazwe kwa vidole, kisha spana iguse kidogo tu. Mara ya pili ncha ilikaa mbali na moto. Mara ya nne Jairus aliangalia, akaguna, akaenda kumhudumia mteja. Mbogo alipomwomba waende pamoja Kitale, Jairus alisema kabla ya Jumapili hana nafasi, na harusi ni Jumamosi. Alimuuzia sensa mpya kwa bei aliyoinunua yeye, akampa na kipande cha msasa laini na spana ya kuazima. Mafunzo hakutoza.

"Lakini mke wako ajue ni nani anafungua hiyo oveni," alisema wakiagana. "Usiguse kitu kabla hajajua."

*

Waithera alikuwa mezani, mkono wa kulia umefungwa na kulazwa juu ya mto, akipekua daftari la namba za simu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amemtafuta mama ya Nyambu amwambie watafute mwokaji mwingine. Simu haikushikwa. Alikuwa akingoja ajaribu tena.

Mbogo aliweka sensa mezani, ingali ndani ya karatasi yake, na akamwambia. Hakukaa. Alisema yote kwa mara moja, bila kupamba, kwamba hakuwahi kuwa fundi, alikuwa anafagia, na hadithi zilikuwa za mtu anayeitwa Jairus wa Bungoma, alikotoka yeye sasa hivi.

Waithera alimsikiliza hadi mwisho. Bila nyusi uso wake ulikuwa mgeni, haukusomeka.

"Miaka kumi na mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Kufagia si kitu, Mbogo. Baba yangu alichimba mitaro ya mzungu, na ndiyo ilitusomesha. Ungeniambia unafagia ningekupikia chai ileile." Akafunga daftari. "Lakini jana niliingiza uso wangu ndani ya hiyo oveni kwa sababu wewe uliniambia iko sawa."

Waithera alisimama, akatoka, akaenda kukaa kwa Chepchumba. Alikaa huko zaidi ya saa moja. Mbogo alibaki akisikiliza sauti zao kupitia ukuta wa mabati bila kusikia maneno, na simu ilipoita mezani aliiacha iite, kwa sababu hakujua tena ni nani katika nyumba hiyo mwenye haki ya kusema keki zitapatikana au hazitapatikana.

Aliporudi, Waithera aliichukua ile simu, akaona namba ya mama ya Nyambu, akaizima.

"Kesho asubuhi utaifungua hiyo oveni," alisema. "Kila kitu unachotaka kufanya utaniambia kwanza, na kwa nini. Nikisema ngoja, unangoja."

*

Alhamisi kulipopambazuka walifungua madirisha yote na mlango wa nyuma. Mbogo alifunga mtungi na kusema kwa nini. Alitoa bamba la oveni na kusema kwa nini. Waithera alisimama nyuma yake akiwa ameshika tochi kwa mkono mzuri, na mara mbili alisema ngoja, akainama, akaangalia mwenyewe.

Bomba la kutolea moto lilikuwa na vitundu vilivyozibwa na mafuta na unga ulioungua. Walivizibua kimoja kimoja kwa sindano, wakaliosha kwa maji ya moto na kulianika juani hadi likakauka kabisa. Sensa ya zamani ilikuwa nyeusi kama kijiti cha mkaa. Mbogo aliisugua kwa msasa ili tu aone, na chini ya weusi ncha ilikuwa imepasuka. Akaitoa, akaingiza mpya, akakaza nati kwa vidole, akagusa kidogo kwa spana, akaacha.

"Sasa nawasha," alisema.

"Ngoja."

Waithera alikoroga sabuni kwenye kikombe hadi ikafanya povu. Akamwambia afungue mtungi lakini swichi zote zibaki zimefungwa. Alikuwa ameuliza kwa Chepchumba, ambaye kaka yake aliuza gesi, jinsi wanavyojua kama mtungi unavuja. Akapaka povu kwa brashi ya keki, kuanzia kichwa cha mtungi, akifuata mpira wa gesi. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Nyuma ya jiko, pale mpira ulipoingia, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Walitazamana. Jairus hakuwa ameliona hilo, hangeweza kuliona kutoka Bungoma. Mbogo alifunga mtungi bila kuambiwa. Mpira ulikuwa umepasuka kwa ndani ya mkunjo, ufa mwembamba kama unywele, pengine tangu kwa Hemali. Alienda mjini akanunua mpira mpya na vibanio viwili, akarudi karibu anakimbia, na walipopaka povu mara ya pili lilikauka bila kupumua.

Wakati wa kuwasha, Waithera alikataa kukaribia. Alisimama mlangoni. Mbogo aliwasha kiberiti kwanza, kisha akabonyeza, uso ameupeleka pembeni. Moto ukashika. Akahesabu kwa sauti hadi kumi, akafika kumi, akaogopa, akahesabu hadi ishirini. Akaachilia kidole.

Moto ukabaki. Ulikuwa wa bluu, umelala sawa kwenye vitundu vyote, haukutikisika.

"Zima," Waithera alisema. "Washa tena."

Alimwamuru mara tano. Kisha akamwambia aufunge mlango wa oveni kwa nguvu, kama yeye alivyofanya Jumanne, na moto haukuzimika. Mwisho akamwambia auzime kwa kuupuliza. Mbogo alipiga magoti na kupuliza kama mtoto mbele ya keki, moto ukafa, na baada ya muda wakasikia ndani ya swichi mlio mdogo, tiki, wa gesi kujifunga yenyewe.

Waithera akavuta kiti akakaa. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa bega la gauni kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na bandeji na mwingine sabuni. Kisha akasema mayai hayatajivunja, na Mbogo akanawa mikono.

Walioka Alhamisi iliyobaki na Ijumaa yote. Yeye aliamuru, Mbogo akapima, akakoroga, akapaka siagi kwenye vikopo. Hakujua hata kutenganisha kiini na ute, akafundishwa. Keki ishirini za kwanza ziliungua chini na wakazila wenyewe na Chepchumba.

*

Jumamosi keki zilifika Bungoma zimekaa vizuri. Waithera alikuwa amejichora nyusi kwa kalamu, moja juu kidogo ya nyingine, na mama ya Nyambu alimtazama mara mbili kabla ya kumsalimia. Alihesabu keki ndogo, akalalamika kwamba chache zimekolea rangi, akauliza kama hakuna kupunguziwa. Waithera akamwambia bei ni ileile, na mama akalipa. Ghorofa tatu za keki zilisimama mbele ya wageni hadi zikakatwa, na watu waliouliza imeokwa na nani walikuwa wengi.

Mambo ya nyumbani hayakunyooka kwa siku moja. Kwa majuma kadhaa Waithera alimwita mumewe kwa jina lake tupu, na ikitokea mtu mtaani amemwita Injinia, alimngoja Mbogo asahihishe. Mbogo alisahihisha. Wengine walicheka, wengine walisema walijua siku nyingi, ingawa hawakujua. Wahu alipofunga shule, Mbogo mwenyewe alimweleza, wakiwa wawili tu uani. Msichana aliuliza ufagio wenyewe ulikuwa na upana gani, akaonyeshwa kwa mikono, akastaajabu.

Ilikuwa mwezi wa nane Kinyua, mwenye mkahawa karibu na stendi, alipobisha mlango. Oveni yake ya mikate ilikuwa imekufa, na aliyekuwa akiitengeneza alikuwa amehamia Eldoret. Alikuwa amekula keki ya Waithera kwenye harusi, akasikia kwamba jiko lake hutengenezwa hapohapo nyumbani. Alikaribishwa, akapewa chai, akamgeukia Mbogo.

"Umekuwa fundi tangu lini?"

Jikoni Waithera aliacha kukoroga.

"Tangu Alhamisi moja mwezi wa tano," Mbogo alisema. "Nimetengeneza hili moja tu. Kabla ya hapo nililiharibu, nikamchoma mke wangu mkono. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia kiwanda."

Kinyua aliinywa chai yake yote. Alikuwa mtu aliyedanganywa na mafundi wengi, na hilo lilikuwa usoni mwake. Aliomba kuona jiko. Mbogo alimwashia, akamwonyesha moto, akamwonyesha mpira na vibanio, akaeleza kila kitu na kwa nini.

"Basi kesho saa mbili," Kinyua alisema, "kabla wateja hawajajaa."

"Saa mbili sawa," Waithera alijibu kutoka jikoni. "Lakini madirisha yawe wazi, na mimi nitakuja naye."